Karatasi Inayosafiri: Kusoma Umbo na Ishara katika Michoro ya Vyombo ya Rangi za Maji

Ndugu zangu wafinyanzi, wachoraji, walimu wa sanaa, na ninyi wanafunzi mlioketi kule nyuma karibu na dirisha, nawasalimu nyote.

Leo tunazungumzia karatasi. Karatasi iliyochorwa chombo kwa rangi za maji: bakuli la kauri, chupa ya kioo, birika, chombo cha maua. Ukiikuta ndani ya fremu ukutani, jicho hukimbilia maua. Unasema "ua zuri", unapita. Naomba msipite hivyo. Karatasi ile haikuchorwa ili ipendeze ukutani. Ilichorwa imwambie mtu mwingine, mara nyingi mtu wa mji mwingine kabisa, afanye nini kwa mikono yake. Ni barua. Aliyeipokea aliisoma akitafuta majibu: kimo gani, unene gani, rangi ipi inatangulia, ua likae wapi. Sisi nasi tukitaka kuona uzuri wake, tuisome kwa jicho la yule aliyeipokea.

Nitachukua mifano miwili na kukaa nayo.

Mwaka 1874, mjini Beijing, wachoraji wa ikulu walichora kwa rangi za maji vyombo vilivyoagizwa na Malkia Mjane Cixi: mabakuli, vyungu vya maua, vyombo vya kufugia samaki, visanduku, hata vijiko. Michoro hiyo ilipelekwa Jingdezhen, mji wa kauri ulio kusini, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka ikulu. Vyombo vilivyotokana nayo vinaitwa Dayazhai, na michoro yenyewe imehifadhiwa kwenye makumbusho ya ikulu ya zamani huko Beijing.

Mfano wa pili ni Ufaransa. Émile Gallé, msanii wa vyombo vya kioo aliyezaliwa 1846 na kufariki 1904, alikuwa na karakana mjini Nancy. Kuanzia 1885 alikuwa na mkataba na kiwanda cha Burgun, Schverer huko Meisenthal, kama kilomita 90 kutoka Nancy kwa mstari ulionyooka, na kioo cha vyombo vyake vingi vya miaka hiyo kilipulizwa huko. Ni mwaka 1894 ndipo alipowasha tanuri lake mwenyewe la kioo Nancy. Kwa hiyo kwa karibu miaka kumi, alichotaka Gallé kilisafiri kwa karatasi.

Mchoraji hayupo pale moto unapowaka. Hawezi kusema "hapana, shusha kidogo". Kila kitu lazima kiwe kimeandikwa au kimechorwa. Ndiyo maana karatasi hizi zina vipimo pembeni, maneno yaliyoandikwa kwa haraka, mistari ya penseli iliyofutwa ikarudiwa. Wengine huviona hivi kama uchafu. Hiyo ndiyo sauti ya mchoraji.

Tuanze na umbo, kwa sababu ishara bila umbo ni kama neno lililokatwa kwenye sentensi yake. Lugha yetu imetusaidia hapa: chombo tunakiita kwa viungo vya mwili. Kina mdomo, shingo, mabega, tumbo, kitako, na mkono wa kushikia. Ukiwa mbele ya mchoro, kwanza yasahau maua. Kunja macho hadi rangi zififie, ufuate mstari wa ubavu kutoka mdomoni hadi kitakoni. Jiulize: sehemu pana kuliko zote iko wapi? Ikiwa juu, mabegani, chombo kinaonekana kimesimama, kimevuta pumzi. Ikiwa chini, kimeketi. Ikiwa katikati kabisa, mara nyingi kinaonekana kizito na hakina uamuzi, na wachoraji wazuri hukwepa hapo. Husogeza upana juu au chini ya nusu. Halafu angalia kitako: ni kipana kiasi gani kikilinganishwa na tumbo? Kitako chenye upana wa theluthi ya tumbo hukipa chombo wepesi, lakini maji yakijaa na maua yakiegemea upande mmoja, kinaanguka. Mchoraji anayejua kazi ataongeza unene wa udongo chini, na ataonyesha hilo kwa kuchora mkato, yaani chombo kana kwamba kimepasuliwa katikati ili unene wa ukuta uonekane.

Mtakutana pia na michoro ambayo upande wa kushoto una mkono wa namna moja na upande wa kulia mkono wa namna nyingine, au pambo tofauti kila upande. Msidhani mchoraji amekosea. Huo ni uchumi wa karatasi: mteja anaonyeshwa machaguo mawili juu ya chombo kimoja. Weka karatasi nyeupe juu ya nusu moja, kisha juu ya nusu ya pili, utaona vyombo viwili tofauti.

Sasa hesabu, na hapa naomba mvumilie kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Tuchukue chombo cha maua cha kimo cha sentimita 30, tumbo lina kipenyo cha sentimita 18, shingo sentimita 6. Mzunguko wa tumbo ni 18 mara 3.14, yaani sentimita 56.5. Mzunguko wa shingo ni sentimita 18.8 tu, theluthi moja. Mchoraji anataka maua 6 kuzunguka tumbo. Kila ua linapata sentimita 9.4. Akiamua mashina yote 6 yapande hadi shingoni, kule juu kila shina lina sentimita 3.1. Majani yanabanana, yanapandiana, na mpambaji wa kiwandani analazimika kuyapunguza kwa akili yake mwenyewe. Barua imeshindwa. Suluhisho la mchoraji aliyekomaa ni kuacha mashina 3 yapande na mengine 3 yaishie begani, kwa jani lililokunjwa au chipukizi lisilofunguka. Basi ukiona kwenye mchoro ua moja limepanda hadi shingoni na jirani yake limeinama begani, usiseme tu "amebadilisha ili isichoshe". Uzuri ule umezaliwa na hesabu ya shingo.

Kuna jambo la pili kuhusu mviringo, na hili mnaweza kulipima kwa rula. Chombo chetu kina maua 6. Ukikitazama kutoka mbele, ua moja likiwa katikati, hilo la katikati linaonekana na upana wa sentimita 9. Maua mawili ya pembeni yanaonekana nusu tu ya hapo, sentimita 4.5 kila moja, kwa sababu yanageuka kuelekea nyuma. Matatu yaliyobaki hayaonekani. Pima mchoro ulio mbele yako. Ikiwa maua ya pembeni yana upana sawa na la katikati, basi mchoraji alichora kitambaa bapa akakikata kwa umbo la chombo. Kinapendeza kwenye karatasi, lakini chombo kitakapotengenezwa kitu kingine kitatokea. Kipimo hiki kidogo kinatenganisha mchoraji wa vyombo na mchoraji wa maua.

Kwa sababu hiyo karatasi kamili ya kazi haiwi na mchoro mmoja. Karibu na picha ya chombo kilichosimama utakuta mara nyingi utepe mrefu wa pambo lililokunjuliwa. Tumbo lililonyooka kama mkebe hukunjuliwa kuwa mstatili. Shingo inayopungua kuelekea juu hukunjuliwa kuwa umbo la kipepeo cha mkono, kile cha kujipepea. Tumbo la mviringo kama chungwa halikunjuki kabisa. Hugawanywa vipande kama maganda ya chungwa. Hapo ndipo hutokea kosa maarufu la mwanzo na mwisho kutokutana: utepe umechorwa sentimita 56, chombo kinadai 56.5, na nyuma kunabaki ufa wa nusu sentimita ambao jani moja la ziada limechomekwa kuuziba. Shika chombo cha zamani, kigeuze polepole, ulitafute jani hilo. Mara nyingi lipo upande ulio chini ya mkono, au ule uliokusudiwa kutazama ukuta.

Kwa kauri kuna tatizo lingine, la kunywea. Udongo ukikauka na kuchomwa hupungua. Tuseme udongo wetu hupungua asilimia 15. Tunataka sentimita 30. Mwanafunzi anaongeza asilimia 15, anapata 34.5, anafinyanga, anachoma, anatoa chombo cha sentimita 29.3. Mfuniko haukai. Kosa liko wapi? Upunguaji unahesabiwa kutoka kwenye kipimo kikubwa, cha udongo mbichi. Gawanya 30 kwa 0.85, upate 35.3. Na pambo likichorwa chini ya glezi, yaani utando wa kioo unaofunika kauri, kwenye udongo usiochomwa bado, nalo litapungua pamoja na chombo, hivyo utepe wake uchorwe kwa kipimo cha mbichi. Likichorwa juu ya glezi iliyokwisha kuchomwa, linafuata kipimo cha mwisho. Karatasi isiyosema kama vipimo vyake ni vya mbichi au vya mwisho ni karatasi ya hatari.

Kwa nini rangi za maji, na si mafuta? Jibu la haraka ni kwamba hukauka upesi na karatasi hukunjika ikasafiri. Jibu zito zaidi ni jinsi zinavyopitisha mwanga. Katika rangi za maji nyeupe ni karatasi yenyewe. Rangi ni utando mwembamba, mwanga unapita, unagonga karatasi, unarudi. Kauri inafanya vivyo hivyo: nyeupe ni mwili wa chombo, na rangi za enameli, yaani rangi za kioo zinazochomwa juu ya glezi, ni utando. Mchoraji anayeacha karatasi tupu kwenye petali anamwambia mpambaji, "hapa acha kauri ijisemee." Akiweka nyeupe nzito ya kufunika, anamwambia kitu tofauti: "hapa weka enameli nzito, inyanyuke, kidole kiihisi." Inamisheni karatasi kwenye mwanga wa pembeni mtaona mahali rangi inang'aa tofauti au imevimba kidogo. Ni maagizo hayo.

Kwa kioo cha Gallé uhusiano huu ni wa ndani zaidi. Vyombo vyake vingi vimejengwa kwa matabaka: kioo kisicho na rangi, juu yake tabaka la njano kwa mfano, juu yake la zambarau. Kisha mpambaji hufunika kwa lami sehemu zinazopaswa kubaki, chombo kinatiwa kwenye asidi ya haidrofloriki, na asidi inakula tabaka la juu pale palipoachwa wazi. Baadaye gurudumu la kuchongea linaingia kunyoosha mishipa ya majani. Sasa mtazame mchoraji wa rangi za maji anavyofanya kazi: anapaka njano nyepesi kote, anasubiri ikauke, anaweka zambarau juu, na pale zinapokutana panatokea kahawia la joto. Anajenga kwa matabaka yaleyale ambayo mpulizaji atayajenga kwa moto, ingawa kazi ya asidi inakwenda kinyume, inaondoa badala ya kuongeza. Karatasi iliyopakwa kwa matabaka matatu safi inamwambia mpulizaji akivike kioo matabaka matatu. Iliyopakwa rangi zilizochanganywa hovyo kwenye sahani haimwambii chochote. Na kioo hakisamehe: tabaka moja likitanuka na kusinyaa kwa kiasi tofauti na jirani yake, chombo kinapasuka kikiwa kinapoa, pengine kesho yake. Mbinu ya Gallé ya kubandika vipande vya kioo cha moto ndani ya kioo laini, aliyoiwekea hataza mwaka 1898, iliogopwa kwa sababu hiyo.

Hata hivyo rangi ya karatasi si rangi ya tanuri, na mpokeaji lazima aijue tafsiri. Kobalti, ile ya kauri za buluu na nyeupe, hupakwa ikiwa na rangi ya kijivu cheusi kama masizi. Buluu huletwa na moto wa karibu nyuzi 1,300. Ile waridi ya kauri za China hutokana na dhahabu. Huchomwa kwa moto mdogo, kama nyuzi 700 hadi 800. Moto ukipungua, waridi huelekea kahawia. Ukizidi, huelekea zambarau. Kwa hiyo mpambaji anapaka kitu ambacho hakifanani na karatasi aliyoletewa, akiamini kitafanana baada ya moto. Hilo linahitaji mchoraji atumie rangi chache zinazojulikana. Mchoro wenye vivuli 40 vya waridi unaweza kuwa picha tamu, ila tanuri lina waridi mbili au tatu tu.

Tufike kwenye ishara.

Sisi tuliokulia katika lugha hii hatuna haja ya kufundishwa fumbo. Anayejua kuchagua kanga kwa jina lake ili ujumbe ufike bila mdomo kufunguka, ameshaelewa nusu ya ishara za China, kwa kuwa nyingi ni mchezo wa maneno yanayotamkwa sawa. Popo kwa Kichina ni fu, na baraka ni fu. Ndiyo maana popo, ambaye kwetu wengi humwona wa mkosi, amejaa kwenye mabakuli yao. Popo watano ni baraka tano: maisha marefu, mali, afya na amani, kupenda wema, na kufa kifo cha kawaida baada ya kutimiza umri. Samaki ni yu, na ziada ni yu. Pichi ni umri mrefu. Ua la peoni ni utajiri na heshima. Popo akiwa kichwa chini, neno la kupinduka, dao, linasikika sawa na neno la kufika: baraka imefika. Fikirini sasa karatasi ya mchoro yenye popo aliyepinduka, halafu mtu wa kiwandani mwenye nia njema akamgeuza akidhani amemsahihisha. Amefuta sentensi nzima.

Lakini kinachonigusa zaidi ni hiki: chombo chenyewe ni neno. Chombo cha maua chenye shingo kwa Kichina ni ping, na amani ni ping. Kwa hiyo kabla ya brashi kugusa karatasi, ule mstari wa ubavu tuliousoma mwanzoni umeshasema "amani". Pambo lolote litakalowekwa juu yake linaungana na neno hilo. Kware anaitwa an, na ping an ni amani na usalama. Mchoro wa kware kando ya chombo cha maua unasomeka moja kwa moja. Kware huyohuyo kwenye bakuli bapa anaweza kuwa kware tu.

Rudini kwenye vyombo vya Cixi. Kwa kawaida alama ya utawala kwenye kauri za China huandikwa chini ya kitako, isionekane hadi ukipindue chombo. Vya Dayazhai vina jina, herufi tatu zilizo wazi, karibu na mdomo juu ya pambo, na pembeni yake muhuri wa umbo la yai wenye maneno Tiandi yijia chun: mbingu na ardhi, familia moja, majira ya kuchipua. Hilo la kwenye muhuri lilikuwa jina la makazi ndani ya bustani ya Yuanmingyuan, alikoishi Cixi alipokuwa mke mdogo wa mfalme. Majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliichoma bustani hiyo mwaka 1860. Mwaka 1873 mfalme Tongzhi, mwanawe, aliamuru ijengwe upya. Mwaka uliofuata kazi ikasimamishwa, fedha hazikutosha. Vyombo vilichorwa mwaka huohuo wa 1874. Basi tazameni mchoro wa bakuli lenye mandhari ya njano, au ya feruzi, au waridi, maua ya wisteria yakining'inia, ndege tawini. Anayesoma maua peke yake ataona furaha. Anayesoma mahali muhuri ulipowekwa, pale mdomoni, jicho linapofikia kwanza, ataliona jina la nyumba iliyoungua. Ishara nzito kuliko zote kwenye chombo hicho haimo kwenye ua lolote.

Gallé alikuwa na njia nyingine. Alisomea mimea kwa dhati, na alikuwa katibu wa chama cha kilimo cha bustani cha Nancy. Tarehe 17 Mei 1900, alipopokewa katika Académie de Stanislas, jumuiya ya wasomi ya mji huo, alitoa hotuba yake juu ya pambo la ishara. Kwake ishara hutoka kwenye mmea wenyewe ukichunguzwa, jinsi unavyosimama, unavyochanua, unavyokufa, kuliko kwenye orodha ya maana iliyokaririwa. Ndiyo sababu michoro ya karakana yake ina mashina yaliyojeruhiwa na majani yanayonyauka.

Chukueni chardon, mmea wa miiba ambao majani yake yanakumbusha mbaruti wetu. Ni nembo ya Nancy tangu zamani, na maana yake ni wazi: anayenigusa atachomwa. Mwaka 1871, baada ya vita vya Ufaransa na Ujerumani, sehemu ya Lorraine, eneo ulipo mji wa Nancy, ilichukuliwa na Ujerumani. Nancy ilibaki Ufaransa. Meisenthal ilikwenda, na haikurudi hadi 1918. Gallé alipochora chardon na msalaba wa Lorraine wenye mikono miwili, kila mtu wa Nancy alielewa. Na kumbukeni kioo chake kilikuwa kikipulizwa wapi: upande wa pili wa mpaka, katika nchi ileile iliyopotea. Barua ya karatasi ilivuka mpaka uliokuwa jeraha lake.

Sasa angalia umbo linavyofanya kazi na miiba. Chardon lina kichwa cha mviringo juu ya shina gumu. Likiwekwa kwenye chombo chenye mabega mapana, vichwa hukaa begani kama walinzi, na majani yenye miiba hushuka tumboni pale mkono unaposhika. Umbo na ishara vimekutana kwenye kiganja. Mmea huohuo ukiutia kwenye ukanda mwembamba kuzunguka kitako, unakuwa pambo la nchi, kama muhuri, haumzuii mtu yeyote kushika.

Chombo cha Les Hommes noirs, alichokionyesha Paris mwaka 1900 kwa mchoro wa rafiki yake Victor Prouvé, kinasomeka vilevile kwa kimo. Gallé alisimama upande wa Dreyfus, ofisa Myahudi aliyehukumiwa kwa uongo. Watu wa giza wa chombo hicho, wabeba chuki na uzushi, wanapanda kutoka chini, kutoka kwenye giza la kitako. Geuza mpangilio, waweke shingoni, watakuwa watawala wanaotazama chini. Pale kitakoni wako mahali pa matope. Na kikombe chake cha mtini, Le Figuier, kina umbo la kalisi, kikombe cha ibada, chenye maneno ya mshairi Mfaransa Victor Hugo juu ya watu wote kuwa wana wa baba mmoja. Maneno hayo kwenye chupa ya kawaida yangekuwa shairi. Kwenye kalisi yanakuwa kitu cha kunywewa na wote.

Naomba tuwe waangalifu hapa. Si kila ua ni ishara. Maua mengi kwenye karatasi hizi yapo kwa sababu yanajaza nafasi vizuri, au yalikuwa yamechanua bustanini wiki ile. Njia ninayoiamini ni kuuliza maswali mawili. La kwanza: je, mmea huu ungehamishiwa sehemu nyingine ya chombo, kitu kingepotea? La pili: je, watu wa mahali pale na wakati ule walikuwa tayari wanaujua, kama watu wa Nancy walivyolijua chardon? Majibu yote mawili yakiwa hapana, tuseme ni ua zuri na tuliache lichanue.

Pwani yetu inatufundisha uhusiano huu wa mahali na maana kwa njia mbili. Kwenye makaburi ya Kunduchi, na kwenye nguzo ya kaburi ya Mambrui kaskazini ya Malindi, mabakuli ya China yalipachikwa kwenye chokaa, mdomo ukitazama nje. Mengi yameng'olewa, yamebaki mashimo ya duara. Fikirini lile bakuli: mchoraji wake alihangaika na ubavu wa nje, na huo ukazikwa ukutani. Kilichobaki ni duara la ndani, lile ambalo mwenye bakuli aliliona chakula kilipokwisha. Mjenzi wetu alibadilisha upande unaosomeka, na kwa kufanya hivyo akalipa bakuli kazi mpya, jicho jeupe linalong'aa juu ya kaburi. Na kuna kombe: aya zikaandikwa kwa zafarani na marashi ndani ya sahani nyeupe, zikakauka, zikaoshwa kwa maji, maji yakanywewa na mgonjwa. Hiyo nayo ni rangi ya maji ndani ya chombo. Mwandishi wa kombe anajua wino wake lazima uondoke wote, hivyo huchagua sahani yenye glezi laini isiyo na nyufa. Umbo, rangi na maana, hakuna kinachotengana.

Mwisho, mkipata nafasi ya kushika karatasi halisi. Mikono safi, mikavu, shikeni kingo. Igeuzeni nyuma; mara nyingi namba ya chombo na maelezo vipo huko. Iinueni kwenye mwanga mtafute vitundu vya sindano kufuata mistari. Vitundu hivyo vilitobolewa ili unga wa mkaa upitishwe na kuacha alama juu ya chombo, kwa hiyo karatasi yenye vitundu ilifanya kazi kweli. Isiyo na vitundu, yenye kivuli kizuri chini ya chombo kana kwamba kimewekwa mezani, huenda ilikuwa ya kumvutia mteja. Na mwanga usizidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), kwa kuwa nyekundu za wadudu wa kochinili hukimbia kwanza. Waridi ikikimbia, peoni nyekundu inakuwa ya kijivu, na mtu wa kesho atasoma utajiri kama msiba.

Pale mezani kuna chupa za glasi za ukubwa mbalimbali, karatasi, uzi na rangi. Pimeni kwanza mzunguko wa tumbo na wa shingo kwa uzi, mwandike namba zote mbili juu ya karatasi kabla ya kuchora chochote. Chagueni mmea mmoja mnaoujua kwa jina. Amueni uanzie wapi kwenye chombo na uishie wapi, halafu zungusheni karatasi mtazame kama mwanzo na mwisho vinakutana. Mikasi ni minne, kwa hiyo mpokezane.